Mafunjo ya Nakivubo, Askari Asiyepokea Mshahara

Wahenga walinena kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila mkazi wa Kampala apitaye karibu na kinamasi cha Nakivubo huku ameziba pua. Kwa macho ya wengi, kinamasi ni mahali pa mbu, nyoka na matope; ni ardhi iliyolala bure, ikimngoja mwenye fedha aje kuijaza kifusi na kujenga ghala. Lakini maji yanayotoka katika bomba la jikoni, katika nyumba za raia na katika kambi za askari, yana undugu na matope hayo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Makerere wameueleza undugu huo kwa vipimo, na habari yake yastahili kufika katika kila nyumba.

CHOO NA BILAURI

Jiji la Kampala limekaa juu ya vilima, na baina ya vilima mna mabonde. Mvua inyeshapo, maji huteremka na kukusanya uchafu wa masoko, gereji, vyoo na mitaa, kisha huingia katika mfereji wa Nakivubo unaopita katikati ya jiji. Mfereji huo huelekea upande wa ziwa, hupokea pia maji yatokayo katika mitambo ya majitaka ya Bugolobi, na kumwagika katika kinamasi cha Nakivubo, karibu na Luzira na Port Bell. Kinamasi hicho, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5, hupakana na Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Na kando ya ghuba hiyo hiyo, kilomita chache tu kutoka hapo, ipo Ggaba, ambako Shirika la Taifa la Maji na Majitaka huvuta maji ya kuwanywesha wakazi wa jiji.

Mwenye kuichora ramani hiyo katika fikra zake ataona jambo la kustaajabisha. Jiji hutupa maji yake machafu upande mmoja wa ghuba, na upande wa pili huchota maji ya kunywa. Baina ya choo na bilauri hapana ukuta wa saruji, pana mafunjo.

SWALI LA WATAFITI

Ufundi wa kuitumia mimea ili kusafisha maji si uchawi, wala si jambo la jana. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Käthe Seidel wa Ujerumani alianza kuonyesha kwamba matete yaliyopandwa katika maji machafu huyapunguzia uchafu. Katika miaka ya 1960 Howard T. Odum wa Marekani aliipa elimu ya namna hiyo jina la uhandisi wa ikolojia, yaani ufundi ambao mwanadamu hufanya sehemu ndogo ya kazi na kuyaachia maumbile sehemu iliyo kubwa.

Katika Uganda elimu hiyo haikuhitaji kutafutiwa mahali, kwa kuwa mafunjo yalikwisha kuota yenyewe tangu zama. Wataalamu wawili wa Makerere, Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, walikichunguza kinamasi cha Nakivubo kwa kushirikiana na taasisi ya elimu ya maji iliyoko Delft, Uholanzi, na mwaka 1999 wakayatoa matokeo yao katika tasnifu ya udaktari. Swali lao lilikuwa dogo kwa maneno, kubwa kwa maana: maji machafu yakiingia katika kinamasi, hutoka yakiwa katika hali gani, na kwa sababu gani?

Jibu lao laweza kuelezwa kwa lugha ya nyumbani. Kwanza, maji yakifika katika mafunjo mwendo wake hupungua, na tope na takataka nzito huzama. Pili, mafunjo ya Nakivubo huelea juu ya maji kama zulia, na mizizi yake huning'inia chini kama nyuzi za ufagio. Juu ya nyuzi hizo huishi bakteria wasiohesabika ambao chakula chao ni uchafu. Palipo na oksijeni, karibu na mizizi, bakteria hao hugeuza amonia kuwa naitrati. Pasipo na oksijeni, bakteria wengine hugeuza naitrati kuwa gesi ya naitrojeni, nayo hurudi hewani bila kumdhuru mtu. Tatu, mafunjo yenyewe hunyonya naitrojeni na fosforasi yakazifanya mbolea, ndiyo maana hurefuka kupita kimo cha mtu mara mbili. Nne, vijidudu vya maradhi vitokavyo katika kinyesi hunaswa, hufa au huliwa, kwa kadiri maji yanavyokawia humo.

Watafiti waligundua pia kwamba si kila mmea hufanya kazi sawa. Katika Nakivubo huota mafunjo, na huota vilevile nyasi ndefu ambazo wataalamu huziita Miscanthidium. Walipolinganisha mimea hiyo miwili, mafunjo yalishinda, kwa sababu maji huchanganyika vizuri zaidi na mizizi yake. Uchunguzi mwingine wa Makerere, uliofanywa pamoja na wenzao wa Sweden na kutolewa mwaka 2004, ulipata jibu lilo hilo: mizizi ya mafunjo huwapa bakteria wasafishaji makao mapana zaidi.

NJIA ZA PANYA

Hata hivyo, utafiti ulibainisha sharti moja lisilokwepeka. Kinamasi husafisha maji yale tu yanayopita polepole katika mizizi. Kila askari aliyewahi kulinda kizuizi cha barabarani analifahamu jambo hili bila ya kwenda chuo kikuu: gari linalopita njia ya panya halikaguliwi, hata mlinzi akiwa hodari namna gani.

Katika Nakivubo njia za panya ni nyingi. Reli ya kwenda Port Bell hukikata kinamasi hicho sehemu mbili. Katika sehemu ya juu, mafunjo mengi yalikwisha kufyekwa, mitaro ikachimbwa ili kukausha udongo, na mahali pake yakapandwa magimbi na miwa. Maji machafu hukimbia katika mitaro hiyo na kufika upande wa pili yakiwa karibu na hali ile ile yaliyoingia nayo. Pembeni, vifusi vya wenye viwanda na maghala huzidi kukisogelea kinamasi mwaka hata mwaka, nacho huzidi kuwa chembamba, ilhali jiji lazidi kunenepa na majitaka yake kuongezeka.

Si haki kumtwisha mzigo wote mkulima wa magimbi. Aghalabu huyo ni mtu asiye na shamba kwingineko, na lile gimbi ndilo ada ya shule ya mtoto wake. Tena yeye ndiye wa kwanza kudhurika, kwa kuwa husimama katika majitaka hadi magotini, na watafiti wa Makerere wamepata madini mazito, kama vile risasi, katika mimea iliyoota kwenye vinamasi vya eneo hilo. Mkulima huyo anahitaji kuelezwa na kuonyeshwa njia nyingine ya riziki. Lakini yule anayeleta malori ya kifusi usiku hana udhuru wa njaa.

ASIYELIPWA AKIONDOKA

Kuna wanaouliza: kinamasi kikifa, hasara ni ya nani? Mwaka 1999 wachumi waliofanya kazi na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile pamoja na mradi wa serikali wa vinamasi walijaribu kuipima thamani ya Nakivubo kwa fedha. Walikisia kwamba kazi inayofanywa na kinamasi hicho ilikuwa na thamani ya baina ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka, na sehemu kubwa ya thamani hiyo ilitokana na kusafisha maji. Hakuna aliyepeleka ankara, maana mafunjo hayajui kuandika ankara.

Lakini mfanyakazi asiyelipwa akiondoka, kazi yake hulipiwa. Fosforasi na naitrojeni zikiingia katika ghuba kwa wingi, maji hugeuka kijani kwa mwani mdogo mdogo. Mwani huo huziba machujio ya mitambo, maji huhitaji dawa nyingi zaidi, na gharama huongezeka. Miongoni mwa sababu za kujengwa kwa mitambo mipya ya maji huko Katosi, wilayani Mukono, mbali na jiji, ni kuchakaa kwa maji ya sehemu ya ndani ya Ghuba ya Murchison. Mabomba marefu kutoka Katosi hadi Kampala ni ankara ya mafunjo iliyofika kwa njia nyingine.

KILA KITU KWA KIASI CHAKE

Watafiti hawakusema kwamba kinamasi ni dawa ya kila ugonjwa. Mlinzi mmoja hawezi kukabili kikosi kizima. Mzigo ukizidi, mafunjo hushindwa. Na sumu za viwandani hazigeuki gesi, bali hubaki katika matope. Kwa hiyo elimu hii imepelekwa mbele. Huko Kirinya, Jinja, Tom Okia Okurut, ambaye baadaye aliongoza Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, aliendesha majaribio ya vidimbwi vilivyopandwa mafunjo na matete ili kusafisha majitaka ya mji, na tasnifu yake ikatolewa mwaka 2000. Majaribio ya namna hiyo huwafunza wahandisi kupima ni maji kiasi gani yapewe mimea kiasi gani, na yakawie kwa muda gani.

Serikali nayo imejenga mitambo. Ile ya Lubigi ilianza kazi mwaka 2014, na katika miaka ya mwanzo ya 2020 mitambo mipya ya Bugolobi iliweza kupokea lita milioni 45 za majitaka kwa siku. Hata hivyo mitambo husafisha majitaka yaletwayo kwa mabomba na malori, na sehemu kubwa ya jiji haijafikiwa na mabomba hayo. Maji ya mvua yanayosomba uchafu wa mitaani hayapiti mitamboni. Hupita mferejini na kwenda moja kwa moja kwenye mafunjo. Mitambo hupunguza mzigo, kinamasi humalizia. Kimoja hakiwezi kushika nafasi ya mwenzake.

WAJIBU WA KAMBI NA WA NYUMBA

Sheria ipo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba vinamasi vinashikwa na serikali kwa amana ya wananchi wote. Amana haiuzwi. Askari polisi anayetumwa kulinda kinamasi hana budi kujua kwamba analinda bomba la maji la watoto wake mwenyewe. Na akilijua hilo, hataona tabu kumsimamisha mwenye lori kwa sauti ile ile anayomsimamishia mwenye jembe.

Nyumbani nako kuna kazi. Oili chafu ya gari isimwagwe mtaroni, kwa maana hakuna bakteria atakayeimaliza kwa wepesi. Betri zilizokufa na mifuko ya kavera visitupwe mferejini. Shimo la choo likijaa, lisifunguliwe wakati wa mvua ili lijimwage kwa jirani. Liitiwe lori la kunyonya, na uchafu upelekwe kwenye mitambo. Katika kambi, wakubwa na wahamebahewa, na wake zao vilevile, wahakikishe kwamba bomba la majitaka lililopasuka linaripotiwa siku hiyo hiyo, badala ya kuzoewa kama harufu ya kawaida. Na maadamu ghuba haijapona, maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote barabara, kisha yahifadhiwe katika chombo kisafi chenye kifuniko.

Anayetaka kuvuna mafunjo kwa ajili ya mikeka na mapaa, na avune kwa zamu. Yakikatwa na kupumzishwa hadi yakomae, huchipua tena; yakikatwa mara kwa mara bila mapumziko, hudhoofika, na maji hupita bila ya mlinzi.

Nakivubo haiombi sifa, wala haiombi mshahara. Inachohitaji ni nafasi ya kusimama, na maji yanayopita mlangoni pake badala ya kuzunguka nyuma ya nyumba. Mwenye kuipunguzia nafasi hiyo kwa hatua moja ya kifusi anaisogeza Ggaba karibu na choo kwa hatua hiyo hiyo, na bilauri itakayolipa ni ya kila mtu, mwenye ghala na asiye nalo.