Bunduki ya bei nafuu haipo

Vijana wenzetu, kuna swali linalorudi kila mara kwenye mazungumzo yetu ya jioni, pale bombani na hata kwenye simu. Kama mtu angeruhusiwa, angechagua bunduki gani ya bei ndogo inayofaa kwa kila kazi: kulinda nyumba, kumsindikiza mama akienda kutafuta kuni, na siku ya kukimbia tena? Wengine wanajibu papo hapo: Kalashi. Wengine wanatoa picha za ndugu waliopelekwa Marekani, wameshika bunduki mpya na kutabasamu.

Tunaandika haya kwa ajili yenu na kwa ajili ya wafanyakazi wa misaada pia. Swali hili si la kijinga. Anayeuliza hivyo mara nyingi halali usiku. Lakini sisi tuliofikiri pamoja tumefika kwenye jibu moja: kwa mtu kama sisi, bunduki ya bei nafuu haipo. Ile inayoitwa nafuu, gharama yake inalipwa na jirani.

Tuanze na bunduki yenyewe, maana kwa bahati mbaya wengi wetu tunaijua vizuri. Kalashnikov ilibuniwa Umoja wa Kisovieti, na ile 47 kwenye jina la AK-47 ni mwaka 1947. Vyuma vyake ni vichache, haiogopi tope wala vumbi, na matumizi yake yanafundishika haraka sana. Ndiyo maana watu wanaisifu. Ndiyo maana pia wakubwa wa vita waliweza kuwapa watoto. Sifa ileile inayomvutia kijana anayetaka kulinda nyumba ndiyo inayomvutia jambazi. Kama wewe unaweza kuipata kwa bei ndogo, na yeye anaweza. Na yeye hana mtoto aliyelala chumba cha pili.

Risasi yake ina unene wa milimita 7.62, na magazini ya kawaida inabeba risasi 30. Inaweza kuua mtu aliye mita 300 mbele. Sasa angalieni nyumba zetu: udongo, matofali mabichi, miti, turubai. Kati ya mlango na mlango ni hatua chache tu. Ukimpiga mwizi usiku ukamkosa, risasi haisimami kukuuliza ilikuwa ya nani. Inapita turubai la kwanza, la pili, la tatu. Huko ndani kuna watu wamelala. Hiyo siyo kulinda nyumba, hiyo ni kuchezea bahati ya mtaa mzima.

Mzee Kalashnikov mwenyewe, mwaka 2012, alimwandikia mkuu wa kanisa lake kule Urusi akieleza maumivu ya roho: kama bunduki yake imeua watu, je, yeye ana hatia? Alifariki mwaka uliofuata. Alisema siku zote kwamba aliitengeneza kulinda nchi yake. Hata aliyeibuni hakuweza kuichagulia kazi ya kufanya.

Wengine watasema: kwetu Kivu ni tofauti, kule usipokuwa na silaha wanakuchinja. Tunaelewa. Lakini tukumbuke historia yetu wenyewe. Raia Mutomboki walianza Shabunda, Kivu Kusini, mwaka 2005, wakati raia walikuwa wanauawa na FDLR na hakuna jeshi la kuwasaidia. Jina lenyewe linasema kila kitu: raia waliokasirika wakainuka. Walianza kulinda kijiji. Kisha makundi yakazidi, yakagawanyika, mengine yakaweka barieri na kutoza pesa wakulima walewale waliokuwa wanalindwa. Hawakuzaliwa wabaya. Bunduki inataka kula. Inataka risasi, risasi zinataka pesa, na pesa iliyo karibu ni ya mama anayepeleka mihogo sokoni. Nyumba nyingi tulizozikimbia zilivunjwa na watu waliokuwa wanasema wanalinda nyumba.

Halafu kuna jambo la kambi. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kambi zilizozunguka Goma zilijaa wakimbizi, na katikati yao walikuwepo wanajeshi na wanamgambo wenye silaha. Mwaka 1996 kambi zile zikashambuliwa na kuvunjwa. Waliokufa na kupotea porini wengi hawakuwahi kushika bunduki. Vita hiyohiyo ndiyo iliyoleta Wakongomani wengi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo wa 1996. Kwa hiyo tusiseme silaha moja iliyofichwa chini ya kitanda ni siri ya mtu mmoja. Kambi ikishaitwa ya wapiganaji, kila mwenye kadi ya chakula anaitwa mpiganaji.

Sheria inajua hilo. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi wa Afrika unasema mkimbizi lazima afuate sheria za nchi iliyompokea, na unakataza kutumia silaha kushambulia nchi yoyote mwanachama. Pia unataka wakimbizi wawekwe mbali na mpaka kwa ajili ya usalama. Hapa tulipo, mkimbizi akikutwa na bunduki haendi peke yake. Ni msako, ni nyumba zote za jirani kupekuliwa, ni kijana mwingine asiyehusika kukosa kibali cha kutoka. Tujumlishe hiyo pia kwenye bei.

Na wale wa Marekani? Ndugu zetu huko wako chini ya sheria nyingine, tusiwahukumu. Mkimbizi aliyepokelewa kihalali anaweza kununua bunduki dukani baada ya kujaza fomu na kukaguliwa rekodi zake. Lakini picha haisemi yote. Asiye raia akihukumiwa kwa kosa la bunduki anaweza kufukuzwa nchini, na safari yote ya miaka mingi ikaishia hapo. Tena katika nchi hiyohiyo, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi ni watu waliojiua wenyewe. Sisi tunajua mizigo tuliyobeba kichwani. Kuna usiku ambao adui hayuko mlangoni, yuko ndani ya mawazo. Usiku kama huo, bunduki kabatini ni hatari kuliko mwizi. Ndugu aliyeko huko, kama umeshanunua, basi itoe risasi, ifungie, na ufunguo usiwe mahali mtoto anapofika.

Sasa tufike kwenye hoja ngumu zaidi. Mtu atatuambia: maneno mazuri, lakini mwizi akija na panga saa nane usiku, na kituo cha polisi kiko mbali, nifanye nini? Haki yake kuuliza. Sisi hatusemi avumilie. Tunasema usalama wa kambi siku zote umetokana na watu wengi kuamka kwa pamoja. Mwizi anapenda giza, kimya na mtu aliye peke yake. Vitu hivyo vitatu tunaweza kumnyang'anya bila risasi hata moja.

Kimya: kila nyumba iwe na filimbi, na mtaa ukubaliane mlio mmoja wa hatari. Huna filimbi, gonga sufuria. Anayesikia anatoka na tochi na kupiga kelele, hajifungii ndani. Giza: taa za sola zielekezwe njia za vyoo na bomba, siyo mbele ya ofisi tu. Upweke: kina mama na dada waende kuni kwa kundi, waache taarifa wametoka saa ngapi na wanarudi saa ngapi, na vijana wa sungusungu wapangiwe zamu inayojulikana. Wakimkamata mtu, wampeleke kituoni akiwa mzima. Sungusungu anayepiga watu ovyo anaanza safari ileile ya barieri.

Kwa siku ya dharura, andaa mfuko mmoja: karatasi za ukimbizi na vyeti vya shule ndani ya plastiki, dawa za mgonjwa wa nyumbani, chupa ya maji, tochi, namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi maana simu inaisha chaji. Mfuko huo umewasaidia watu wengi zaidi kuliko bunduki yoyote tunayoijua, na mtoto akiuchezea hafi.

Kwenu wafanyakazi wa misaada: msitujibu kwa semina ya amani peke yake. Kijana anayesifia bunduki anawaambia kwamba namba ya dharura haipokelewi usiku. Tupeni namba inayopokelewa, milango yenye komeo, betri za taa zilizokufa zibadilishwe, na anayeripoti ubakaji au wizi aambiwe kesi yake imefika wapi. Mkikaa kimya, muuza silaha hatakaa kimya.

Kwetu sisi vijana, tunapendekeza kazi moja kwa wiki hii. Kila mtaa uhesabu vitu viwili: nyumba ngapi hazina filimbi, na vyoo vingapi viko gizani. Tukusanye hesabu, tumkabidhi mwenyekiti wa zoni na nakala iende kwa shirika linalohusika na ulinzi. Baada ya mwezi tuulize tena kwa pamoja, kwa majina ya mitaa na tarakimu mkononi.