MSHINDO WA MELI UPIMWE, USIKISIWE



Tumepokea barua kutoka Nyabibuye, katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kakonko. Mwenye barua ni mwenzetu, mzaliwa wa Wete, aliyehamia huko kwa biashara ya nguo, wala hajakisahau chama chake. Anatuuliza kwa upole: Je, wavuvi wetu wanaolalamikia meli za kutafuta mafuta hawazidishi maneno? Bahari ni pana na meli ni moja; mlio wake ukishapita maili mbili tatu, si umekwisha?

Swali hili ni la haki, na tunamshukuru aliyeliuliza. Wengi wanalo vifuani hata humu Unguja na Pemba, na wako maafisa ambao hulijibu kabla halijamalizika: msikhofu, meli iko mbali. Leo tunataka kulitia neno hili "mbali" katika mizani, tuone lina uzito gani.

Kwanza ifahamike kazi yenyewe. Meli hukokota chini ya maji mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, na kila baada ya sekunde kumi au kumi na tano huifyatua. Mshindo hushuka mpaka chini ya bahari, hupenya matabaka ya mawe, na mwangwi wake hunaswa na nyaya ndefu zinazoburutwa nyuma ya meli. Kwa mwangwi huo wataalamu huchora sura ya ardhi iliyofichika. Kazi huenda usiku na mchana, kwa majuma. Mshindo umekusudiwa kwenda chini, lakini sehemu yake hutoka pembeni, na maji huichukua sauti kwa mwendo wa kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani.

Kwamba sauti hupungua kwa masafa, hapana anayebisha. Mwenzetu wa Nyabibuye anao mfano karibu naye. Tarehe 5 Disemba 2005 ardhi ilitetemeka chini ya Ziwa Tanganyika kwa kipimo cha 6.8. Huko Kalemie, upande wa Kongo, nyumba zilianguka na watu walikufa. Na Nairobi, mamia ya maili kutoka hapo, majumba marefu yaliyumba. Mshindo wa meli ni mdogo sana mbele ya tetemeko kama hilo, lakini funzo ni moja: kupungua si kwisha. La kuuliza ni kiasi gani kimepungua, na wapi.

Na hapo ndipo hesabu inapogawanyika njia mbili. Katika maji ya kina kirefu sauti hutanuka pande zote kama mpira unaojazwa upepo, na kila masafa yanapozidi maradufu hupoteza desibeli 6. Katika maji mafupi sauti hubanwa baina ya uso wa bahari na sakafu yake, ikawa hutanuka kwa ubavu tu, kama duara la maji lililotupiwa jiwe. Hapo kila maradufu hupoteza desibeli 3 tu. Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Mshindo uliopimwa desibeli 180 kwenye kilomita 1, ukifika kilomita 16 umezidi masafa maradufu mara nne. Kwa hesabu ya kwanza utabaki 156. Kwa hesabu ya pili utabaki 168. Tofauti ni desibeli 12, na maana yake ni kwamba nguvu ya msukumo inayomfikia samaki ni mara nne ya ile ya hesabu ya kwanza. Meli ni ile ile, na masafa ni yale yale!

Wala bahari haifuati kitabu kimoja. Matope humeza sauti na mwamba huirudisha. Maji mafupi sana huizima milio mizito ya chini. Joto la maji huipinda sauti juu au chini, na joto la kaskazi si la kusi. Kila msomaji wetu anajua kuwa mkondo ulio baina ya Unguja na bara ni wa maji mafupi, na mkondo wa Pemba ni kilindi cha mamia ya mita. Basi hesabu iliyotoka upande mmoja haiwezi kuwa hukumu ya upande wa pili, sembuse ile iliyoletwa kutoka bahari za wageni.

Wasomaji wajihadhari pia na mizani mbili. Husemwa kuwa mlio huu ni sawa na wa kitu fulani tunachokisikia nchi kavu. Lakini desibeli za majini huhesabiwa kuanzia mikropaskali 1, na za hewani kuanzia mikropaskali 20. Kwa hilo peke yake zinaachana kwa desibeli 26. Anayezilinganisha bila ya kusema hayo anapima kwa pishi mbili. Na sisi tuliosoma chuoni tunaijua Suratul Mutaffifin na onyo lake kwa wenye kupunja vipimo.

Je, haya yana khasara yo yote kwa mvuvi? Mwaka 1992, katika Bahari ya Barents, wataalamu wa Norway walipima samaki kabla ya mishindo, wakati wake na baada yake. Ilipofyatuliwa mitungi, samaki waliovuliwa walipungua kwa kiasi cha nusu katika eneo zima, na upungufu ulionekana mpaka maili 18 za baharini kutoka palipofyatuliwa. Siku tano baada ya meli kunyamaza, hali ilikuwa haijarudi kama awali. Samaki wale ni wa maji ya baridi. Hatusemi kuwa changu na jodari wetu watafanya vivyo hivyo. Tunasema mambo haya hujulikana kwa kupima.

Tunakumbuka vile vile mwezi wa Aprili 2006, pomboo kiasi cha 400 walipoonekana wamekufa katika pwani ya Nungwi. Sababu yake haikuthibitishwa, na sisi hatumtuhumu mtu. Lakini mwaka 2008 nyangumi wadogo kiasi cha mia waliingia katika hori moja kaskazini-magharibi ya Madagaska wakakwama, na mwaka 2013 jopo la wataalamu likaona kuwa sababu iliyo karibu zaidi na yakini ni chombo cha sauti cha kupimia kina, cha meli iliyokuwa kilomita 65 kutoka hapo. Chombo hicho si mitungi ya hewa. Hata hivyo kilomita 65 ni "mbali" kwa kila anayetumia neno hilo.

Jambo hili liko mlangoni kwetu. Sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar ilipitishwa 2016. Mwaka 2017 utafiti ulifanywa katika kitalu cha Pemba-Zanzibar. Mwaka 2018 mkataba ukatiwa saini na RAK Gas ya Ras al-Khaimah. Na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kunadi vitalu vinane vya baharini. Anayenunua kitalu hapana budi atataka kujua kilichomo.

Chama chetu hakiyakatai mafuta. Nchi maskini haitupi riziki yake. Tunayoyataka ni haya. Kabla ya kazi, vinasa sauti vitiwe majini katika masafa ya nusu kilomita, kilomita 1, 2, 4, 8 na 16, katika kina mbali mbali, na katika msimu ule ule meli itakaofanya kazi. Visomwe na watu wasiolipwa na kampuni peke yake. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe katika kila diko. Samaki wapimwe kabla, wakati na baada ya kazi. Na mpaka wa fidia ufuate kipimo, usifuate kalamu ya afisa.

Sisi wenye maduka, mizani yetu ya kuuzia robo ya sukari hukaguliwa na kutiwa muhuri, na ikikosea tunashitakiwa. Ni haki. Lakini vipi mshindo unaogusa riziki ya maelfu utoshelezwe na neno la mdomo?

Ndugu yetu wa Nyabibuye, ziwa unakotoka dagaa wako nalo limepigwa mishindo hiyo: na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani katika miaka ya 1980, na tena 2012, upande wa kusini, kwa ajili ya mafuta. Basi swali lako ni la huko pia. Jibu letu ni hili: hatujui mlio unakwisha wapi katika maji yetu, wala anayetwambia tusikhofu hajui, mpaka upimwe. Akikwambia mtu "mbali", muulize kilomita ngapi, na nani aliyepima.