Ufunguo Usitangulie Karatasi

Siku hizi wenye nyumba za kupangisha si watu wa mjini tu. Hata huku vijijini, mtu akivuna vizuri hujenga vyumba viwili vitatu karibu na barabara, na mwalimu, muuguzi au mwenye duka huja kupanga. Ni jambo jema. Lakini ugomvi nao huzaliwa hapo, na mara nyingi chanzo chake ni kimoja: ufunguo ulitolewa, karatasi haikuandikwa. Leo tujibu maswali matatu wanayouliza sana wenye nyumba wa Tanzania.

1. Mpangaji akikaa miaka 12, nyumba yawa yake?

La. Maneno hayo yametoka katika Sheria ya Ukomo ya 1971, isemayo kwamba anayedai ardhi yake aidai kabla ya miaka 12 kupita. Lakini mtu aliyeingia kwa ruhusa yako, awe mpangaji au jirani uliyemwazima kiwanja, hageuki mwenye mali kwa sababu ya kukaa sana. Hatari iko mahali pengine. Baba alimkaribisha jirani kwa neno la mdomo tu. Baba amefariki, na mashahidi wake nao wamefariki. Watoto wasema, "Alikaribishwa." Jirani asema, "Nilipewa." Baraza litamwamini nani? Karatasi moja ingaliokoa kiwanja, na ujirani pia.

2. Mpangaji hajalipa miezi mitatu. Naweza kung'oa mlango?

Usithubutu! Ukimtupia vyombo nje na kuviharibu, wewe uliyekuwa ukimdai utageuka mdaiwa. Mwandikie notisi, taja deni na siku ya mwisho ya kulipa, kisha umpe mbele ya shahidi. Kama hamkupatana muda, na kodi hulipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 1999 yauhesabu upangaji huo kuwa wa mwezi hata mwezi, na notisi ya kuumaliza isipungue mwezi mmoja. Akikaidi, nenda Baraza la Kata. Kumbuka kwamba tangu 2021 baraza hilo halikati tena kesi za ardhi. Kazi yake ni kupatanisha. Upatanisho ukishindikana, shauri laenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

3. Nyumba ina jina langu. Mke wangu aulizwe ya nini?

Ikiwa ndiyo nyumba mnayokaa, aulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 chamkataza mume, na mke vilevile, kuuza, kupangisha, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hata kama jina ni la mmoja tu, wote wawili wana haki ya kuulizwa. Nawe unayetaka kupanga au kununua, usitoe fedha mpaka umemwona mke na kupata sahihi yake.

Basi, karatasi iandikweje? Andikeni kwa maneno mepesi: majina yenu, chumba kipi, kodi kiasi gani, siku ya kulipa, muda wa kukaa, notisi ya siku ngapi, na nani atengeneze bati likivuja. Msisahau umeme. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU, na mnunuzi mara nyingi ni mpangaji. Semeni mapema kama atapunguziwa fedha hiyo katika pango. Wekeni sahihi pamoja na mashahidi, kila mmoja abaki na nakala yake, na kila malipo yawe na risiti. Ikiwa ardhi ni ya kijiji na mwataka kupatana kwa miaka mingi, pelekeni habari kwanza kwa Halmashauri ya Kijiji, kwa maana yako mapatano yasiyo na nguvu bila kibali chake.

Wako wanaoona haya kuandikiana na ndugu au rafiki. Ndugu msomaji, usione haya. Karatasi si ya kumshuku mwenzako. Ni ya watoto wako na watoto wake, ambao hawakuwapo siku mlipopatana.