Tutafute Kikao Kinachotufaa

Wananchi wenzangu wa Kitui na Makueni, maembe yakiiva na ndengu zikiuzwa, pesa huingia nyumbani. Tunashukuru. Lakini kila mmoja wetu anamjua mtu anayeuogopa msimu huo: kaka, mume, binti, pengine ni wewe unayesoma. Ameapa mara nyingi kuacha pombe. Ameacha, kisha amerudi. Tumemsaidia vipi zaidi ya kumwambia "acha tu"?

Hatujasahau Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zetu mbili zikiwemo. Wengine walipofuka. Tulizika, na pombe ikamwagwa. Lakini aliyekuwa na kiu kabla ya msiba aliamka nayo kesho yake, na kiu hiyo haimwagwi.

Kinachowasaidia wengi ni kukaa na wenzao waliopitia hayohayo. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianza hivyo mwaka 1935 mjini Akron, Marekani: dalali wa hisa na daktari, wote wawili wameshindwa na pombe, waliona kwamba wakizungumza wao kwa wao siku inapita bila kunywa. Mpaka leo sharti la kujiunga ni moja tu, uwe unataka kuacha. Hakuna ada, na jina la kwanza linatosha. Hapa Kenya vikao hivyo vipo, hasa Nairobi, na vingine hufanyika kwa simu au intaneti.

Utajuaje kikao kinachokufaa?

Anza na lugha. Mama wa Kyuso anayewaza kwa Kikamba atafungukaje kikao kikiendeshwa kwa Kiingereza? Kisha saa. Kijana wa bodaboda hawezi kuwaacha abiria wa jioni, basi huyo atafute cha asubuhi. Na nauli uipige hesabu ya mwezi mzima, maana kikao cha mara moja hakimtoshi mtu.

Halafu kuna jambo ambalo hatupendi kulitaja: macho ya jirani. Miji yetu ni midogo. Ukinunua sukari upande huu wa Wote, upande wa pili wameshajua ni kilo ngapi. Ndiyo maana wengine huona heri wapande matatu hadi Emali au Machakos, na wa Mwingi washuke Kitui mjini. Wasichekwe. Mwanamke anayekunywa hujificha mara mbili, na kikao cha wanawake peke yao, kikipatikana, humpa nafasi ya kupumua.

Ukifika utakuta nini? Viti vya plastiki, mara nyingi katika ukumbi wa kanisa, pengine na chai. Watu huzungumza kwa zamu. Mmoja akisema wengine wananyamaza, hakuna wa kumkatiza wala wa kumhubiria. Mgeni akitaka kusikiliza tu, huachwa asikilize. Vikao vingine ni vya wanaoacha pombe pekee, vingine vinapokea hata jamaa, kwa hiyo ulizia kabla ya kumsindikiza mtu.

Na cha kwanza kisipokukaa? Jaribu kingine. Watu hutofautiana: huyu anataka maombi na nyimbo, yule anataka mazungumzo tu. Ila ondoka mapema ukiona wanakuuzia dawa, wanakuambia utupe vidonge vya daktari, au maneno ya jana yameshafika sokoni.

Tahadhari moja nzito. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili unaweza kutetemeka, akili kuchanganyikiwa, hata akapata kifafa, na hayo huua. Aanzie hospitali, iwe ya rufaa ya Kitui, ya Makueni pale Wote, au yoyote iliyo karibu. Kikao kitafuata.

Nasi wengine je? Mwajiri, unaweza kumruhusu kibarua wako saa moja kwa wiki bila kumhoji mbele ya wenzake? Mama, unaweza kumwekea chakula hata akichelewa? Desemba jamaa wakirudi kutoka Nairobi, je, lazima kila meza iwe na chupa? Na aliyeanguka tena, tumkaribishe kikaoni kama alivyokaribishwa siku ya kwanza. Walio nyumbani nao huchoka. Kwa ajili yao kuna Al-Anon, vikao vya jamaa vilivyoanza mwaka 1951.

Huenda kwenu hakuna kikao hata kimoja. Ukambani tulichimba matuta kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya majirani, na hakuna aliyesubiri serikali ilete jembe. Watu wawili wanaotaka kuacha wanatosha kuanza. Padri, mchungaji, imamu, mwalimu mkuu: mna chumba kinacholala bure jioni za katikati ya wiki? Kitoeni, pamoja na ufunguo, na msiulize nani ameingia.

Usipojua pa kuanzia, piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Haina malipo na hupokewa usiku na mchana. Taja kaunti yako na soko lililo karibu nawe, uliza kuna kikao gani na siku gani, na uwe na kalamu mkononi.