Siri ya Leta ao siri ya mukubwa?



Juma lililopita sisi wa kalasi ya mwisho tulifanya mabishano katika saa ya siviki. Ulizo lilikuwa hili: mtumishi wa serikali akiona ubaya wa wakubwa wake ndani ya karatasi za siri, akazitoa inje, yeye ni mwizi ao ni shahidi? Nusu ya kalasi ilisema ni mwizi. Kengele ikalia mbele ya kumaliza, na mimi kwa kuwa ni kapita nilipashwa kunyamazisha watu pahali pa kusema yangu. Basi ninayasema hapa.

Mfano tulioshika ulitoka Kenya. Mwaka 2003 prezida Mwai Kibaki alimweka John Githongo kuwa katibu mkuu wa kupigana na rushwa, na ofisi yake ilikuwa ndani ya ofisi ya prezida. Karatasi zilizopita mbele yake zilionyesha jambo la ajabu. Serikali ilitaka mashini mpya za kutengeneza paspoti. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya euro milioni 6. Kazi ikapewa kampuni nyingine, jina lake Anglo Leasing, kwa euro milioni 30! Na ile Anglo Leasing, walipoitafuta kwa adresi yake kule Liverpool, Uingereza, hawakukuta kampuni ya kweli. Tena haikuwa peke yake: mikataba ya namna ile ilihesabiwa kufika 18.

Githongo alisema kwamba alimpasha prezida habari. Alirekodi pia kwa siri maneno ya mawaziri. Hapo mimi mwenyewe ninasita kidogo, maana kukaa na mwenzako mezani huku mashini inasikiliza mufukoni si jambo la kupendeza. Lakini sijui ningefanya nini kwa nafasi yake. Tarehe 7 Februari 2005 aliacha kazi akiwa Uingereza, akiogopa juu ya maisha yake, na mu Januari 2006 maandiko yake yakatoka katika magazeti. Inchi ikagawanyika. Wengine walilia juu ya makuta. Wengine waliona zaidi kosa la yule aliyetoa karatasi: alikula kiapo, wakasema, amevunja sheria ya siri za serikali.

Na mwisho wake? Februari 2006 David Mwiraria, waziri wa fedha, na Kiraitu Murungi waliacha viti vyao. Wote wawili walikana. Murungi alirudishwa serikalini mbele mwaka ule haujaisha. Mkuu wa kamati ya bunge iliyokwenda mpaka London kumsikiliza Githongo alikuwa Uhuru Kenyatta. Mwaka 2014 Kenyatta huyo huyo, sasa akiwa prezida, akaruhusu yalipwe shilingi bilioni 1 na milioni 400 kwa makampuni ya mambo yale yale, kwa sababu yalishinda Kenya katika korti za Ulaya. Na mwaka 2019 korti ya Nairobi ilimwamuru Githongo alipe shilingi milioni 27 kwa aliyekuwa waziri Chris Murungaru, kwa kumharibia jina. Niliandika hesabu hizo ubaoni, na kalasi yote ikacheka. Kicheko kile hakikunipendeza.

Mwalimu wetu akajibu: «Kila mutumishi akibeba karatasi za kazi kwake, Leta itasimama namna gani?» Ni neno la kweli, sitaki kulipita upesi. Sisi wa kalasi ya mwisho tunalijua kuliko wote. Bahasha za egzama ya Leta zinafika zimefungwa na muhuri, zinafunguliwa mbele ya wanafunzi wenyewe. Mutu akiuza ile siri usiku, anaiba miaka yetu yote ya masomo na franga za wazazi waliouza samaki na mihogo juu yetu. Vilevile askari wetu: nani atataka adui asome wanalala wapi? Siri za namna hii ninazitetea.

Lakini angalieni: siri ya bahasha ina saa yake ya kufunguliwa, na inafunguliwa mbele ya wenyewe. Siri ya Anglo Leasing ilikuwa na saa gani?

Tusicheke Wakenya, maana hata kwetu ni vile. Wakati wa vita vya 1996 na 1998, wakubwa wa pande zote walitia sahihi mikataba mingi ya madini na mali nyingine. Kalemie ilikuwa upande wa waasi, Lubumbashi upande wa serikali. Mimi sikuwa nimezaliwa. Katika mapatano ya Sun City ilikubaliwa mikataba ile ichunguzwe, na bunge la wakati ule likaweka komisioni chini ya depite Christophe Lutundula. Komisioni ilimaliza ripoti yake na kuitoa kwa wakubwa wa bunge mu Juni 2005. Ikalala pale. Ni mu Februari 2006 tu, kisha makelele mengi ya mashirika ya raia, ndipo madepite waligawiwa ripoti. Haikujadiliwa katika kikao cha bunge hata siku moja. Uchaguzi ukafika mu Julai, basi. Ripoti hii haikuwa na siri ya askari ndani yake. Ilikuwa na mali yetu, na majina.

Kisha, tarehe 20 Mei 2011, serikali ilitoa amri kwamba kila mukataba wa madini, mafuta ao miti utangazwe kwa watu kabla siku 60 hazijapita. Amri nzuri sana. Lakini muulize mutu wa Manono, katika jimbo letu hili la Tanganyika, juu ya litiamu yao. Atawaambia kwamba kampuni ya Australia, kampuni ya Wachina na kampuni ya Leta yetu wamepelekana mpaka kwa waamuzi wa Ulaya. Muulize kama ameuona mukataba wenyewe kwa macho.

Katika Samweli wa Pili tunasoma kwamba Daudi aliandika barua kwa Yoabu, akaitia katika mikono ya Uria. Uria alibeba karatasi ile njia nzima, na ndani mulikuwa kifo chake. Hakuifungua, kwa sababu alikuwa mutumishi mwaminifu. Zamani nilimsifu Uria kwa jambo lile. Siku hizi ninapoisoma habari ile ninatamani mutu mmoja wa nyumba ya mufalme angemunongoneza kitu njiani.

Sasa ninafika kwa yangu. Mwezi uliopita mwanafunzi mudogo wa kalasi ya saba aliniuliza: «Yaya, ile franga 500 zetu za karatasi ya gazeti ziko wapi?» Nikamujibu: «Ile ni siri ya komite, weye hauko mu komite.» Akasema, «Ndiyo, yaya,» akaenda zake. Nami nikabaki na kaye mukononi nikijua sana kilichomo. Hakuna aliyekula. Lakini mimi nilikopesha mwenzetu mumoja wa komite franga 6.000 za safari bila kuuliza mutu, na mupaka leo hazijarudi. Njo ile siri yote. Siku ya mabishano, wakati nilipokuwa naandika milioni za Kenya ubaoni, kaye ile ilikuwa chini ya meza yangu.

Tangu Jumamosi ukurasa wa hesabu umebandikwa kwa mulango wa chumba cha kulia: franga zilizoingia, karatasi zilizonunuliwa, na deni. Deni limeandikwa kwa jina langu, kwa kuwa ni mimi niliyetoa. Nitalilipa mbele ya egzama. Kila mwisho wa mwezi tutabandika ukurasa mupya, na mwenye kuona kosa aniletee mimi mwenyewe, mbele ya sala ya jioni.