Ubora wa pamba ulipwe kwenye mizani

Na Mathias Lubigisa

Unywele mmoja wa pamba, ule unaouvuta kwenye mbegu kwa kucha, ni seli moja tu. Huchipuka kwenye ganda la mbegu ua linapochanua, hurefuka kwa wiki kama tatu, kisha hujijaza selulosi tabaka juu ya tabaka hadi tumba lipasuke. Selulosi ikipungua, nyuzi hutoka dhaifu.

Profesa Candace Haigler wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, amezama miaka mingi katika kazi hiyo inayofanyika ndani ya tumba. Baridi ya usiku, kama ile ya Texas alikowahi kufundisha, huchelewesha utengenezaji wa selulosi. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya pamba waliyoiongezea uwezo wa kutengeneza sukrosi, sukari inayolisha selulosi, na nyuzi zake zilikuwa bora zaidi. Mwaka 2013 alikuwa miongoni mwa waliochora kwa kompyuta umbo la kimeng'enya kinachoisuka selulosi hiyo.

Nauheshimu sana uvumilivu huo, na hapa kwetu Tanzania upo. Ukiriguru, karibu na Mwanza, ndiko zilikotoka mbegu kama UK 91 na UKM08. Mtafiti huchagua mmea, hupanda, hupima, hutupa, huanza upya, msimu hadi msimu, akitafuta nyuzi ndefu na imara zaidi.

Kinachoniuma ni yanayofuata. Mkulima mmoja wa Maswa anachuma kwa makini, anatenga pamba safi na ile chafu iitwayo fifi, anaianika. Mwingine anachanganya zote, ananyunyizia maji, anatia mchanga. Gredi mbili zipo kisheria, lakini vituoni mara nyingi mizani huwalipa sawa, na huyu wa pili anaondoka na fedha nyingi kwa sababu mzigo wake ni mzito. Pamba nyingine hufungwa kwenye viroba vya plastiki. Vijinyuzi vya viroba hivyo huingia kwenye marobota, na kwa kuwa plastiki haishiki rangi, dosari huonekana kitambaa kikishatiwa rangi. Mnunuzi akiumia hivyo, hushusha bei ya pamba yetu yote.

Hakuna mbegu ya maabara itakayotibu hilo. Bodi ya Pamba, wenye viwanda vya kuchambua na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), msimu ujao pimeni unyevu kila kituo, kataeni viroba, na mlipeni mwenye pamba safi zaidi ya mwenye fifi, siku hiyohiyo, mkononi mwake.