Neno Letu: Kulegeza si Kuachia



Majuzi mafundi walikuwa wakikarabati roshani za jengo letu hapa Kingsview Village. Jukwaa lao lilining'inia kwa kamba mbili za chuma, moja kila upande, likishuka polepole. Nikamwambia mama, "Tazama, wanaachia kamba." Mama akacheka. "Wangeachia, mwanangu, wangekuwa chini zamani. Wanalegeza."

Nilikwenda kusoma zaidi, nikakuta kwamba melini tofauti hiyo ni uhai wa watu. Mashua ya kuokolea abiria hushushwa kwa kamba mbili zinazopita kwenye makapi, moja omo na moja tezi. Zote hulegezwa sawasawa. Moja ikitangulia, mashua huinama na watu humwagika. Ikishafika majini, ndipo kamba hizo huachiwa. Kuna na ya tatu, iliyofungwa omo, inayoishikilia mashua karibu na meli isichukuliwe na mawimbi. Hiyo huachiwa mwisho.

Meli ya Lusitania ilipopigwa kombora tarehe 7 Mei 1915, ilizama kwa muda wa dakika 18 hivi. Ilikuwa na mashua 48; zilizoondoka salama ni 6 tu. Meli ilikuwa imelala upande, na baadhi ya mashua zilimwaga watu kwa sababu kamba hazikulegezwa sawasawa.

Kwenye Titanic, mwaka 1912, mashua namba 13 ilifika majini lakini kamba zake zilikuwa zimekaza, hazikufunguka. Maji yakaisukuma hadi chini ya namba 15, iliyokuwa ikishuka juu yao. Waliokuwemo walipona kwa kuzikata kamba kwa kisu.

Kulegeza, kuachia, kukata: kamba ni ileile, vitendo vitatu. Mabaharia wa jahazi nao wana vyao: tanga hutwekwa kwa henza, kisha hutuliwa. Sisi tuliokulia huku tuna "achia" tu: achia mlango, achia simu, achia kamba. Nyumbani tunaeleweka, kwa kuwa mama anatuona mikono. Gizani, kwenye mawimbi, asingetuona.

Zoezi la mwezi huu: muulize mzee mmoja nyumbani tofauti ya kukaza, kubana na kufunga. Leteni majibu kwenye kikao kijacho. Mimi la mama ninalo tayari.